Rekodi ya karata zangu ni yangu, kampuni za poka zinipe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua itakuwa ndefu lakini hili jambo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita na sijaona mtu akiliandika kwa Kiswahili.

Mimi ni fundi simu hapa Busia, upande wetu wa Uganda, meza yangu iko kando ya barabara ya kwenda mpakani. Kazi yangu ni vioo, betri, sehemu ya chaji, na siku hizi zaidi ni kusafisha, maana simu inaletwa haijaanguka wala haijaingia maji lakini imejaa maapu mpaka haipumui. Huko ndiko nilikoanza kuona poka, mchezo wa karata wa kuwekeana hela. Zamani ilikuwa beti za mpira tu, saa hii nakutana na poka kwenye simu za madereva wa malori wanaongoja foleni, za vijana wa boda, hata za wanaouza mitumba.

Kuna kijana jirani yangu, ana miaka 27, mchana anaendesha boda na usiku anacheza poka kwenye simu, ile ya Texas ambayo unapewa karata mbili zako za siri alafu tano zinafunuliwa mezani kwa wote. Hachezi vibaya. Sisi wote hapa tumekulia kwenye karata chini ya mwembe, mtoto anajua shupaza, kopa, uru na pau kabla hajajua kusoma. Alileta simu kwa shida ya betri. Nimeweka mpya, nimewasha, tunangoja ishike mtandao, ikaingia meseji pale pale mbele yetu wawili. Inamwita kwa majina yake yote matatu, yale ya kwenye kitambulisho cha taifa, inamwambia amepotea siku 4, meza yake ya usiku inamngoja, na akiweka hela kabla ya saa 5 ataongezewa nusu juu yake. Kijana akanyamaza kidogo alafu akaniuliza, "Mzee, hawa jina la marehemu baba wamelitoa wapi?" Maana ndani ya mchezo anajiita jina la utani tu, na hajawahi kuandika jina la baba yake popote kwenye ile apu.

Nilimweleza. Hela anaweka kwa mobile money, na laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho, basi akituma hata elfu 20 jina lake linasafiri pamoja na hizo hela. Alafu nikafungua sehemu ya ruhusa kwenye simu nikamwonyesha kwa kidole: orodha ya watu wako, imeruhusiwa. Meseji zako, imeruhusiwa. Mahali ulipo, muda wote, imeruhusiwa. Alikubali mwenyewe siku ya kwanza, akibonyeza haraka haraka ili mchezo ufunguke. Kujua uko nchi gani mimi naelewa, kampuni ina leseni ya nchi fulani na lazima ihakikishe. Lakini kusoma meseji za mtu na kuchukua namba ya mama yake na ya mchungaji wake kwa ajili ya mchezo wa karata 52, hapo hakuna maelezo yanayoniingia kichwani.

Na bado hayo ni ya juu juu. Yaliyonitisha ni ya ndani ya mchezo wenyewe, na hapa naomba wasomaji mnisikilize polepole.

Mchezaji wa poka anaishi kwa kutojulikana. Karata zinakuja na kuondoka, leo unapata ree mbili kesho unapata takataka, lakini jinsi unavyocheza, ukiwa na hofu unafanya nini, ukishinda unakuwaje, ukipoteza unarukia meza kubwa au unalala, hiyo ndiyo siri yako na hiyo ndiyo wanayoitafuta wanaouza na kununua rekodi za wachezaji. Neno lao ni kuchimba data. Sasa hapa Busia kuchimba tunakujua, wenzetu wa Tiira wanachimba dhahabu, na aliyepita kule ameona mtu anaosha karai zima la udongo abaki na chembe ambayo bila kuinama huioni. Ndivyo inavyofanyika hata huku. Mchezo mmoja uliocheza jana usiku hauna faida kwa mtu, ni udongo. Lakini mtu akikusanya michezo yako 5,000 akaiosha kwa kompyuta, anabaki na wewe mkononi.

Inakwenda hivi. Kompyuta inaingia mezani kama mtazamaji, haichezi wala haitoi hata shilingi, inaandika tu: nani kaweka, nani kapandisha dau, nani katupa karata, alichukua sekunde ngapi kuamua. Inakaa meza nyingi kwa wakati mmoja usiku na mchana. Alafu hayo mafaili yanauzwa. Mnunuzi anayaingiza kwenye programu kama PokerTracker au Hold'em Manager, na siku akikaa meza moja na wewe, juu ya jina lako kwenye skrini yake zinaelea namba: huyu anaingia mchezoni mara ngapi kwa kila 100, anapandisha mara ngapi, akitishwa na dau kubwa kwenye karata ya mwisho anakimbia mara ngapi. Mchezaji mzuri kwenye meza ya watu 6 anaingia kama mara 20 au 25 hivi kwa 100. Ukionekana wewe unaingia mara 60, wanakuja kukaa karibu na wewe kama nzi kwenye muwa uliokatwa. Na wewe umekaa kwenye boda yako unangoja abiria, unafikiri umekutana nao kwa bahati.

Kuna mtu wa mbali, hamjawahi kuonana, anajua utakimbia lini. Hata mama yake kijana hajui hilo.

Niseme ukweli, programu zenyewe sina ugomvi nazo. Mtu akiweka rekodi ya michezo aliyocheza yeye, ni sawa na mimi na daftari langu la wateja, kumbukumbu ni haki ya kila mtu. Ugomvi wangu ni kununua macho ya watu ambao hujawahi kukaa nao. Kampuni kubwa kama PokerStars wenyewe wamekataza kwenye kanuni zao, huruhusiwi kutumia rekodi za michezo ambayo hukuwemo. Wamekataza kwa sababu wanajua mgeni akinyonywa siku tatu harudi tena.

Sasa nije kwenye kisa cha 2007, maana bila hicho nisingeandika barua hii, na wengi wanaocheza leo walikuwa watoto.

Kwenye tovuti ya Absolute Poker kulikuwa na shindano, kiingilio dola 1,000. Aliyeshinda alikuwa anajiita Potripper. Aliyekuwa wa pili hakuridhika, aliona uchezaji ule sio wa mtu asiyejua wenzake wameshika nini, akaiandikia kampuni akaomba rekodi ya michezo yake. Ni jambo la kawaida tu, mchezaji anaomba anapewa. Kampuni ikamtumia faili la Excel, lakini walikosea, badala ya rekodi yake peke yake likaja na kila kitu, karata za siri za kila mtu, na anwani za intaneti za waliokuwepo pamoja na watazamaji. Wachezaji wakakaa nalo, mstari kwa mstari, na walichokikuta ni hiki: michezo miwili ya mwanzo Potripper anatupa karata kama binadamu yeyote. Alafu mtazamaji mmoja anaingia mezani. Kuanzia hapo kwa dakika kama 20 Potripper hatupi karata mwanzoni hata mara moja, kila mchezo yumo, na anapotupa kwa mara ya kwanza, angalia, kuna mwenzake ameshika wafalme wawili, karata kali. Yule mtazamaji alipofuatwa kwa anwani yake, njia ikaishia kwa watu wa ndani, huko Costa Rica. Kampuni ilikataa kwanza, baadaye ikakubali kwamba kweli mtu wa ndani alikuwa anaona karata za wote.

Nilisoma kisa hiki usiku nikashindwa kulala, nilikuwa naona tu ile safu ya Excel yenye jina la mtazamaji anayeingia mezani.

Haikuishia hapo. Tovuti ndugu yake, UltimateBet, ikakutwa na ugonjwa ule ule na mkubwa zaidi, na hapo tena waliogundua ni wachezaji, walikusanya rekodi zao wenyewe wakaona akaunti inashinda kwa kiwango ambacho bahati haifiki. Tume ya michezo ya Kahnawake kule Kanada ilipochunguza ikamtaja Russ Hamilton, mtu aliyekuwa bingwa wa dunia wa poka mwaka 1994, kwamba ndiye mhusika mkuu, na wachezaji wakarudishiwa zaidi ya dola milioni 20.

Kwa hivyo rekodi ile ile ya michezo, ikiuzwa kwa mgeni inakunyonya, ikiwa mikononi mwako inakamata mwizi. Na hata lile faili la Excel, pamoja na kwamba lilifichua uovu, lilikuwa pia kosa kwa wale wengine wote waliokuwa mezani, anwani zao na karata zao zilipelekwa kwa mtu wasiyemjua bila kuulizwa. Mimi siwezi kufurahia nusu moja nikafunika nyingine.

Kuna kampuni zilizojaribu dawa nyingine, kuficha majina. Bodog walianza meza zisizo na majina mwaka 2011, partypoker 2019 wakaondoa zile programu za namba na wakawabadilishia wachezaji majina ili mafaili ya zamani yakose kazi. Nikasoma nikasema hawa wamefikiri. Ni kweli mchimbaji akikosa jina anabaki na udongo. Lakini nikajiuliza, kama majina hayapo na rekodi siwekewi vizuri, siku Potripper mwingine akikaa mezani nani atamwona? Anabaki kampuni peke yake, na 2007 aliyekuwa anaiba alikuwa ndani ya kampuni. Kwa hiyo kuficha jina langu mbele ya wengine naunga mkono kabisa, ila rekodi yangu mwenyewe nipewe, yote, hadi dakika na sekunde.

Na msidhani ni hadithi za zamani. Desemba 2023 kampuni nyingine ya poka, GGPoker, wenyewe walitangaza kwamba mchezaji mmoja aliichokonoa programu yao kwenye kompyuta yake akapata njia ya kukisia uwezekano wake wa kushinda kutokana na taarifa ambazo programu ilikuwa inapokea bila kuzionyesha. Seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni, ilikuwa inatuma kwenye kompyuta ya mchezaji kitu ambacho hakupaswa kukijua. Sisi mafundi tunajua, ukishatuma kitu kwenye simu ya mtu, hata ukikificha nyuma ya pazia, mwenye subira atakifikia. Mwaka 1999 ilikuwa mbaya zaidi, kampuni ya ASF Software iliweka hadharani jinsi programu yake inavyochanganya karata ili watu waamini ni haki, wataalamu wakaisoma wakacheka, maana karata 52 zinaweza kupangika kwa njia nyingi kiasi kwamba unaandika 8 ikifuatwa na sifuri 67, lakini ile programu ilianza kuhesabu kutoka kwenye saa ya kompyuta, milisekunde tangu usiku wa manane, na siku nzima ina milisekunde 86,400,000 tu, basi mipangilio yake haizidi hapo. Ukilinganisha saa yako na ya seva, ukaona karata zako mbili na tatu za mezani, unajua zote zilizobaki, za kila mtu. Waliolitangaza kosa hilo walikuwa watu waaminifu. Wangekuwa wezi wangenyamaza.

Nirudi mezani kwangu. Mwaka jana mteja aliniletea laptopu, amenunua mkono wa pili Kampala, analalamika ni nzito. Alikuwa ameshusha bure programu ya kumsaidia kukokotoa nafasi zake za kushinda, mahali ambapo kila kitu ni bure. Nikakuta ndani kuna kitu kingine kinajiwasha chenyewe kila laptopu ikiwaka, na folda limejaa picha za skrini yake, picha baada ya picha baada ya picha. Nikafungua moja. Meza ya kijani, jina lake chini, na karata zake mbili zinaonekana waziwazi, ree ya kopa na tisa ya uru. Nikamwita aje aangalie. Alitazama akaweka mkono mdomoni. Ndugu Mhariri, kuna mtu mahali alikuwa anakaa naye mezani akiona kile anachokiona yeye.

Nilipotafuta nikakuta ESET, kampuni ya kupambana na virusi vya kompyuta, walishaandika kitu kama hicho Septemba 2015, wakakiita Odlanor, kinapiga picha dirisha la tovuti za poka za PokerStars au Full Tilt, kinamtumia mwizi karata zako na jina lako, alafu mwizi anakutafuta kwa hilo jina anakuja kukaa na wewe. Kilikuwa kimejificha ndani ya programu za bure, zikiwemo hizo za kukokotoa poka. Na miaka miwili kabla ya hapo, 2013, mchezaji wa Ufini Jens Kyllönen akiwa hoteli Barcelona alikuta laptopu yake haipo chumbani, baadaye imerudi mahali pale pale, akaipeleka kwa F-Secure, kampuni ya usalama wa kompyuta, wakakuta imewekewa programu ya kumwangalia. Yule ni tajiri wa poka, walimfuata hadi chumbani. Wetu hawana haja ya kufuatwa, wanashusha wenyewe. Kwa hiyo wenzangu, programu ya hela usiichukue kwenye vibanda vya bure, na simu unayochezea isiwe ile mtoto anashusha kila mchezo anaouona.

Sasa sheria. Watu wanafikiri hapa Uganda hatuna kitu, tunacho. Sheria ya ulinzi wa data na faragha ni ya mwaka 2019, kanuni zake 2021, na kuna ofisi ya ulinzi wa data binafsi chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Sheria inasema mtu ana haki ya kujua kampuni imeshika nini juu yake na kukipata, inasema data ikivuja kampuni iripoti, inasema ikitaka kuhamishia data nje ya nchi lazima huko iendako kuwe na ulinzi wa kutosha au wewe ukubali, na kampuni ikikosa inaweza kupigwa faini hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Upande wa pili kuna sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya 2016 na bodi yake, na hiyo hiyo ndiyo inayosema aliye chini ya miaka 25 asicheze. Ofisi mbili, sheria mbili, na mchezaji wa poka ameanguka katikati. Bodi inaangalia leseni na kodi, ofisi ya data inangoja mtu alalamike, na mtu hajui kama kuna ofisi, sembuse kulalamika, maana hayo masharti anayobonyeza kukubali ni kurasa na kurasa za Kiingereza cha wanasheria.

Ninachoomba bodi ni kitu kimoja tu na hakina gharama kubwa. Kampuni yoyote inayopewa leseni ya mchezo wa karata mtandaoni Uganda ilazimishwe kumpa mchezaji rekodi ya michezo yake yote akiomba, kwenye faili linalofunguka kwenye simu ya kawaida, bila karata za wenzake ambazo hazikuonyeshwa mezani na bila anwani za watu. Na pamoja na hiyo rekodi waandike wamechukua nini kingine kwenye simu yake na wamempa nani. Waandike kwa Kiswahili na kwa Luganda, na kwa lugha za kule watu wanakotoka. Baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, basi kianzie hapa ambapo hela za watu zinatoka. Kampuni ambayo haidanganyi haitapoteza kitu kwa kutoa rekodi. Najua wengine watasema afadhali poka ifutwe kabisa, mama mmoja hapa jirani ananiambia hivo kila wiki na ana uchungu wake naufahamu, lakini ikifutwa vijana watahamia tovuti za nje ambazo hata mlango wa kugonga hauna.

Jirani yangu ameshaandika ombi lake. Tulikaa pamoja jioni, yeye anasema mimi nachapa, tukataja sheria ya 2019 kwa jina, tukaomba rekodi ya michezo yote tangu afungue akaunti, orodha ya waliopewa namba yake, na meseji za kumwita mezani zikome. Wiki ya tatu hii. Meseji zimeingia nyingine mbili, rekodi bado haijaja, na tukimaliza mwezi tunaipeleka nakala ofisi ya data Kampala. Mtu mwingine wa Busia anayetaka kuandika yake aje kwenye meza yangu baada ya saa 11 jioni, aje na kitambulisho na ile laini aliyowekea hela, kuchapa sitozi kitu.

Wako,
Fundi simu, Busia, Uganda